Siku Mama Kavira Alipokataa Kupita Tu

Shule yenyewe haina haja ya kutajwa jina, maana mwalimu mkuu wake bado yuko palepale Bwera na heshima ya mtu ni kitu cha kutunzwa. Itoshe kusema ni sekondari yenye wanafunzi mia sita na ushei, magharibi mwa Uganda, karibu na barabara inayoshuka mpakani mwa Congo, na kwa miaka kumi na saba wanafunzi hao wamekuwa wakishibishwa na mwanamke mmoja aitwaye Mama Kavira.

Mama Kavira alivuka kutoka Butembo wakati wa vita, sufuria mbili kichwani na mtoto mmoja mgongoni. Aliomba kazi ya kuosha vyombo, na kabla mwaka haujaisha ndiye aliyekuwa ameshika mwiko mkubwa. Alikuwa mnene wa haki, mcheshi, Mkatoliki wa kila Jumapili, na wanafunzi wote aliwaita "batoto yangu" hata wale wenye ndevu. Ukimwambia posho, yaani ugali, imeungua hanuni. Atakuuliza kama wewe umewahi kusonga posho ya watu mia sita huku umefumba macho.

Na kweli alikuwa akisonga huku amefumba macho. Jiko la shule lilikuwa chumba cha matofali chenye mlango mmoja na dirisha dogo kama la kibanda cha vocha, wala halikuwa na bomba la kutolea moshi. Kuni za mikaratusi zikikolea, moshi ulijaa humo mpaka usione mkono wako mwenyewe. Nesi wa kliniki alikuwa amemwambia bila kumung'unya maneno kwamba macho yake hayakutaka dawa, yalitaka hewa, na akiendelea humo mwaka mwingine atakuja kuongozwa kwa fimbo. Binti yake, Chérie, fundi cherehani mjini Kasese, alipolisikia hilo alipiga simu na kutoa amri kama afande: muhula ukiisha bila jiko kutengenezwa, anakuja kumchukua. Mama Kavira alimjua binti yake. Akisema anakuja, anakuja na pikapu.

Lakini kuondoka hakutaka. Afanye nini Kasese, akae kitako kwenye kochi la binti yake ahesabu vifungo? Alichotaka ni bomba la moshi tu. Mara tatu alikuwa amevua aproni, akanawa uso, akaenda ofisini kwa mwalimu mkuu, Mwalimu Zedekia, na mara tatu alijibiwa kwa sauti nzito iliyotoka chini kabisa ya suti: "Nitalifikiria jambo lako, Mama. Rudi jikoni." Mwalimu Zedekia hakuwa mtu mbaya. Tatizo lake lilikuwa geti. Wazazi walikubali kujenga kitu kimoja mwaka huo, naye akachagua geti jipya la chuma lenye jina la shule kwa herufi kubwa, linaloonekana mpaka kwenye malori yanayokwenda Congo. Mafundi walikuwa waanze mara tu baada ya tamasha.

Tamasha hilo ndilo lililoleta mambo. Kila mwaka shule za wilaya hukutana Kasese kushindana kwa maigizo, na mwaka huo mada ilikuwa vijana waliotikisa nchi zao. Kila shule ilichota karatasi yenye jina la nchi. Wenzao wakachota Afrika Kusini, wakachota Sudan, nchi ambazo nyimbo zake watu wanazijua tayari. Mwalimu Fred wa historia, kijana mwembamba ambaye bahati na yeye hawasalimiani, akatia mkono akatoka na Japani.

"Japani?" walimu wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. "Wajapani nao wana mgomo? Si wao ni kutengeneza magari tu?"

Mwalimu Fred akawaacha na kicheko chao. Alijifungia na simu yake wiki nzima, akasoma mpaka macho yakawa mekundu kama ya mpishi, kisha akawaita waigizaji wake kwenye darasa lililopakana na jiko. Mama Kavira alikuwa akichambua maharage kizingitini na mpishi mwenzake, Jeanine, naye akasikia kila kitu kupitia dirishani.

Alisikia kwamba mwaka 1960 serikali ya Japani iliutia nguvu mpya mkataba wa kijeshi na Marekani ambao vijana hawakuutaka. Wakaingia barabarani Tokyo kwa maelfu na maelfu, wameshikana mikono safu kwa safu, wakikimbia mshazari, kushoto, kulia, kushoto tena, mwendo wa nyoka, hata polisi hawakujua wamkamate kichwa au mkia. Binti mmoja mwanafunzi alifia hapo kwenye viwanja vya bunge. Mkataba ulipita, lakini waziri mkuu akajiuzulu. Miaka minane baadaye wanafunzi wakavigeukia vyuo vyao wenyewe. Walirundika meza na viti milangoni, wakavaa helmeti, kila kundi na rangi yake, wakaandika madai kwenye mbao kubwa na kuzisimamisha njiani kila mpitaji asome. Huko mashambani nako wakulima walikataa ardhi yao kugeuzwa uwanja wa ndege, na wanawake wa makamo walijifunga kwa minyororo kwenye miti yao, wanafunzi wakaja kusimama nao.

"Minyororo!" Mama Kavira alimwambia Jeanine. "Ile bamama nabapenda."

Mwalimu Fred hakuwaficha na ubaya. Aliwaambia kwamba baadaye baadhi ya vijana wale walinyanyua marungu wakapigana wao kwa wao, wengine wakauana, na hapo wananchi wakawachoka. Kwa hiyo kwenye igizo lao marungu hayatakuwepo. Kitakachokuwepo ni jambo lililompendeza yeye kuliko yote: mkutano ambao wanafunzi walimketisha mkuu wa chuo kwenye kiti mbele ya umati, wakamuuliza maswali yao saa baada ya saa, na haondoki mpaka ajibu.

Mtu wa kuigiza mkuu huyo alijitokeza mwenyewe. Mwalimu Zedekia alikuwa ameigiza ujanani na hakuacha mtu asahau. Akajichagulia miwani ya duara na ndevu za pamba, akapewa maneno machache ya kurudia kila anapobanwa: "Nitalifikiria jambo lenu. Rudini darasani." Aliyasema vizuri ajabu. Mwalimu Fred alimsifu kwamba ni kama amezaliwa nayo, na mwalimu mkuu akafurahi siku nzima.

Helmeti zilitoka kwa waendesha boda boda wa stendi ya sokoni. Mwenyekiti wao, Zubairi, mwanamume mfupi mwenye sauti ya tarumbeta, alikubali kuazima kumi na mbili kwa sharti moja.

"Helmeti yangu hawezi enda Kasese bila mimi," alisema. "Mimi nalinda."

"Utakaa wapi, Zubairi?" Mwalimu Fred aliuliza. "Watazamaji watakuona."

"Basi nipatie moja mimi pia navaa. Nakuwa Mjapani."

Ndivyo Zubairi, baba wa watoto watano, alivyojiunga na wanafunzi wa Tokyo. Aliwekwa mwisho wa mstari ili aweze kuziona helmeti zote. Hakuna aliyemwonya kwamba mwendo ule wa nyoka humtikisa zaidi aliye mkiani. Siku ya kwanza ya mazoezi kichwa cha mstari kilikata kushoto taratibu tu, mkia ukarushwa mpaka kwenye maua ya mwalimu mkuu. Zubairi aliinuka na udongo mdomoni akaomba warudie.

Mama Kavira naye alipata kazi. Aliyemletea habari ni Olivia, msichana wa kidato cha tano kutoka Nyakiyumbu, mwenye akili kama wembe na mdomo wa kuulinda.

"Mama, wale wanafunzi ndani ya vyuo walikuwa nakula mchele," Olivia alieleza. "Wanafinya na mkono, inakuwa kama mpira. Mwalimu anataka wewe unatengeneza."

Mama Kavira alijaribu. Mchele wa kwetu haushikani hata ukiubembeleza. Kila alipofinyanga tonge lilimwagika vidoleni kama mchanga. Jaribio la tatu likamchosha, akaweka sufuria ya maji, akasonga bundu, ugali wa unga wa muhogo, akalowesha mikono na kufinyanga matonge meupe, laini, ya mviringo, akayafunga kila moja ukanda wa jani la mgomba. Mjapani mwenyewe angeyaona kwa mbali angeitwa na njaa. Kwa karibu, hapana.

"Sasa mboga nitaweka ndani ya nini?" aliuliza. "Nipike sombe ao samaki?"

"Hakuna mboga, Mama Kavira," Mwalimu Fred alisema. "Mchuzi utachafua nguo. Wanakula hivyohivyo."

Mama Kavira alimtazama kama mtu aliyetukana kanisani. Bundu bila mchuzi! Kwa Wanande wa ng'ambo na Wakonzo wa huku, hata mgonjwa hapewi. Hata adui akija kwako umempikia bundu, mchuzi utauazima kwa jirani usiaibike. Lakini mwalimu ni mwalimu, na Japani ni mbali, akaliacha hilo.

"Na mimi nitafanya nini pale?"

"Wewe unatoka huku na sinia, unawagawia, unatokea kule. Hakuna maneno. Unapita tu."

"Nipite tu."

"Unapita tu, Mama."

Olivia alimfuata mpaka jikoni, akaketi kwenye gogo nje ya mlango. Alikuwa na lake la kusema, na lilikuwa limemkereketa tangu alisome kwenye karatasi za mwalimu. Wasichana wa vyuo vile vya Japani, alieleza, walikuwa na vitabu vyao na hasira zao kama wavulana. Lakini wakifika ndani ya boma la meza na viti, wavulana wanapanga mipango, wao wanaambiwa wafinyange wali. Wakafinyanga, wakafinyanga. Halafu wengi wao wakaweka wali chini, wakauliza: hivi na sisi tunapigania nini? Ikazaliwa harakati nyingine, ya wanawake wenyewe.

"Balibaambia vile?" Mama Kavira aliuliza kwa shauku. "Ile wavulana balisema aje?"

"Walikasirika, Mama. Walikuwa na njaa."

Mama Kavira alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka ikabidi Olivia ampige mgongoni. Kesho yake Olivia na wasichana wenzake walimwendea Mwalimu Fred wakadai nusu ya helmeti, nao wakazipata, kwa kuwa Mwalimu Fred alikuwa ameisoma sura ileile na hakuwa na pa kutorokea.

Siku ya tamasha ikafika, Jumamosi ya jua kali. Kila shule ilikwenda Kasese na lori lake, kuni zake, sufuria zake na wapishi wake, maana wanafunzi hawachezi na njaa. Mama Kavira alimwacha Jeanine nyuma ya ukumbi akilinda moto pamoja na wapishi wa shule nyingine saba. Zilibaki wiki mbili muhula uishe. Asubuhi hiyohiyo Chérie alikuwa amekuja kumsalimu mama yake, akamtazama macho, akasema amekwisha zungumza na mwenye pikapu. Kisha akaingia ukumbini kutafuta kiti mbele.

Igizo lilianza vizuri kupita kiasi. Safu ya helmeti iliingia kwa mwendo wa nyoka, mkono kwa mkono, huku wakiita kwa pamoja, na ukumbi mzima ukainuka. Zubairi alirushwa kushoto nusura amwangukie jaji, akarushwa kulia akapata makofi yake peke yake. Meza na viti vikarundikwa. Mbao za madai zikasimamishwa. Mwalimu Zedekia akatokea na ndevu zake za pamba, akaketi kwenye kiti cha katikati, na watu wakamzomea kwa furaha. Olivia akamuuliza swali la kwanza.

"Nitalifikiria jambo lenu," Mwalimu Zedekia aliunguruma. "Rudini darasani."

"Hapana!" wakaitikia wenye helmeti.

Swali la pili, jibu lilelile. Kufika la tatu ukumbi ulikuwa umeshika, na kila mtu akaitikia "Hapanaaa!" mpaka mabati yakatetemeka. Kelele zile ziliwavuta wapishi wa nje. Wakaja wakasimama mlangoni wote na aproni zao, miiko mikononi, waone kunani.

Hapo ndipo Mama Kavira alipotakiwa kupita.

Alitoka kushoto na sinia. Akagawa tonge, akagawa tonge. Vijana wakauma. Bundu kavu ni kitu kinachokwenda kooni na kukaa hapo kungoja wenzake. Mmoja akaanza kutoa macho. Mwingine akapiga kifua. Zubairi, aliyetupia tonge zima mdomoni kwa tamaa, alisimama wima mbele ya watu mia nane, mashavu yamevimba, machozi yakimtiririka, hawezi kumeza wala kutema.

Kutoka mlangoni mpishi mmoja wa upande wa Munkunyu akapaza sauti, kwa kuwa kuna mambo mtu hawezi kuyavumilia:

"Wewe mama ya Bwera! Unapatia watoto bundu kavu? Mboga iko wapi?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mama Kavira akahisi masikio yanawaka moto. Miaka kumi na saba hajawahi kumpa mtoto bundu kavu, leo anaumbuliwa mbele ya wapishi wa wilaya nzima, mbele ya binti yake, kwa kosa ambalo si lake. Bado hatua sita apotelee kulia kama alivyoagizwa. Alipiga hatua moja. Ya pili ikagoma.

Akaliweka sinia chini.

"Mboga?" alisema, akiwageukia wale wa mlangoni. "Munaniuliza mimi mboga? Mimi nikipika mboga siioni! Sufuria siioni! Ndani ya jiko yangu moshi iko nakaa kama mwenye nyumba, mimi ndiye mugeni. Musiulize mimi. Muulize huyu!"

Na kidole chake, kinene, kilichozoea mwiko, kikamwelekea mwalimu mkuu kitini.

Watazamaji walidhani ni sehemu ya igizo, wakapiga makofi. Wanafunzi wa Bwera walijua si sehemu ya igizo, wakaacha kutafuna. Mwalimu Zedekia alijua kuliko wote. Aliangalia pembeni kumtafuta Mwalimu Fred, lakini Mwalimu Fred alikuwa ameinama anaishughulikia kamba ya pazia, kamba ambayo haikuwa na tatizo lolote.

"Direkteri," Mama Kavira alisema, sasa kwa sauti ya chini iliyomfanya kila mtu anyamaze ili asikie. "Mara tatu nilikuja kwako. Macho yangu iko naisha. Mutoto yangu ule pale, anataka kunitosha kazini, na mimi sitaki kutoka. Nabapenda hii batoto. Ninaomba tu bomba ya moshi. Geti haipike uji. Utajenga jiko, ao hautajenga?"

Mwalimu Zedekia alifungua mdomo. Ulimi wake, maskini, ulikuwa na njia moja tu uliyoizoea.

"Nitalifikiria jambo lako, Mama. Rudi..."

"HAPANAAA!"

Hawakuwa vijana wa helmeti peke yao. Ulikuwa ukumbi mzima, na wa kwanza kabisa walikuwa wapishi. Wakaingia wakishuka katikati ya viti, miiko juu, kila mmoja na moshi wake wa miaka. "Na sisi!" mmoja akapaza. "Na kwetu hakuna bomba!" Walimu wakuu waliokuwa wamekaa safu ya mbele kwa raha zao walianza kutazama saa. Olivia hakungoja kuambiwa. Akawashika mikono wenzake, wakafanya duara kukizunguka kile kiti, na Zubairi, ambaye alikuwa amefanikiwa kumeza, akalifunga duara kwa kifua chake.

Mwalimu Zedekia alitaka kuinuka. Akakumbuka kanuni ya mchezo, nayo ilikuwa imesomwa kwa kipaza sauti kila mtu akaisikia: mkuu haondoki kitini mpaka ajibu. Angevunja kanuni, shule yake ingepoteza alama. Akaketi. Jasho likaanza kuilowesha ile pamba, ndevu zikaanguka upande mmoja. Watu wakacheka, yeye akazivua kabisa, na miwani pia, na alipozungumza ile sauti nzito ya chini ya suti haikuwepo. Ilikuwa sauti ya mtoto wa Munkunyu aliyekulia shambani.

"Mama," alisema, "mimi nasema ukweli. Miaka tisa niko hapa. Ndani ya jiko yako mimi sijaingia hata siku moja."

Hapo hata mjinga aliona kwamba igizo limekwisha.

"Basi njo," Mama Kavira akasema. "Siku ya kazi, asubuhi. Ukoroge uji na mimi mpaka iive. Kisha useme kitu utajenga."

"Nitakuja," akasema Mwalimu Zedekia.

Majaji waliwapa nafasi ya pili. Waliandika kwamba mpishi wa Bwera ameonyesha kipaji cha asili, na cheti cha mwigizaji bora wa kiume kikaenda kwa Mwalimu Zedekia, kwa kuigiza kwa ukweli mkubwa kiongozi aliyewekwa kiti moto. Alikipokea bila kujua acheke au anune. Baadaye alikitundika ofisini.

Jumatatu akatimiza ahadi. Alikuja na suti yake, kwani hakuwa na nguo ya jikoni, na wanafunzi wakajipanga uwanjani kwa ukimya wa kanisani. Mama Kavira akampa mwiko. Mlango ukafungwa nusu, kama ilivyo desturi, upepo usipeperushe majivu. Ndani mkasikika mwiko ukigonga sufuria mara nne. Kikohozi. Mwiko mara mbili. Kikohozi kirefu. Kisha mlango ukasukumwa, mwalimu mkuu akatoka mbio na tai begani, machozi yakimbubujika, akaliendea bomba la maji akaweka kichwa chote chini yake. Hakuna mwanafunzi aliyemcheka, ila mia tano na kitu hivi.

"Uji haiyaiva, Direkteri," Mama Kavira alimwita kutoka mlangoni.

"Mwite fundi," Mwalimu Zedekia akamwambia Mwalimu Fred, huku maji yakimdondoka puani. "Ile ya geti. Mwambie anakuja leo. Geti iliyoko bado inafungika."

Mafundi walikuja na matofali na mabati. Wakatoboa dirisha kubwa ukutani, wakajenga meko ya kufunika, wakapandisha bomba refu mpaka juu ya paa. Zubairi na wenzake wa stendi walibeba saruji kwa boda boda bila nauli, helmeti vichwani, na jioni moja wanafunzi walishikana mikono wakalizunguka jiko kwa mwendo wa nyoka mpaka fundi akaomba waache, ukuta bado mbichi. Mwisho wa muhula Chérie alifika na pikapu kweli. Alisimama, akatazama bomba, akamtazama mama yake, akageuza pikapu ikabeba mabaki ya kifusi kwenda kutupwa.

Lakini siku ya kukumbukwa ilikuwa ile ya kuwasha moto mara ya kwanza, kabla muhula haujaisha. Mama Kavira alitia kuni, akarudi nyuma, akaweka aproni tayari machoni kwa mazoea. Moto ukashika. Moshi ukayumba kidogo kama mgeni asiyejua mlango, kisha ukapanda wote juu na kwenda zake. Akaiona sufuria. Akauona ukuta wa upande wa pili, mweusi kama chungu, na Jeanine mbele yake akichekecha unga. Hewa ilikuwa ya kawaida tu, ya asubuhi.

Na Jeanine akaanza kuimba.

Aliimba wimbo wa kanisani wa kwao Beni, taratibu, bila kujisikiliza, kwa sauti safi iliyojaa chumba hadi kwenye mabati mapya. Mama Kavira aliganda na mwiko mkononi. Miaka sita wamepika pamoja humo, bega kwa bega, wakiongea kwa kuoneshana vidole kwa kuwa atakayefungua mdomo atameza moshi. Alijua Jeanine anapenda chumvi kiasi gani na anaumwa goti lipi. Hili hakulijua.

"Jeanine! Weye unajua kuimba hivi?"

"Tangu utoto, Mama. Nilikuwa mu korali."

"Juu ya nini hukuimba?"

Jeanine akacheka. "Ningeimba aje, na ile moshi?"

Mama Kavira akavuta gogo akaketi. Akaiweka mikono yake miwili mapajani, kama mtu aliyealikwa, akasema, "Anza tena. Mwanzo kabisa."

Uji wa siku ile ulishika chini ya sufuria, ukanuka kuungua mpaka barabarani, na wanafunzi walipokuja dirishani kulalamika walikuta mpishi wao amewageuzia mgongo, kidole mdomoni, akiwaambia wanyamaze.